Shingo ya Kijani

Simu ya Hellena ilinikuta jikoni kwangu Tabata, nikichambua mchele. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga simu nyingi asubuhi ile, kwamba baba yake, Fidelis, amefariki na kwamba jina langu amelikuta kwenye daftari lake. Fidelis alikuwa mchoraji. Tulipanga nyumba moja Temeke tulipokuwa vijana, na baada ya hapo tukawa watu wa kukutana kwenye harusi na misiba ya wengine, tukaulizana afya, tukaahidiana kutembeleana, tusitembeleane. Nikajifunga kanga mbili nikaenda Kinyerezi. Nilipovua viatu mlangoni na kuinua uso, nilishindwa kuingia. Mama mmoja nyuma yangu alinigusa bega akaniuliza kama nimepatwa na presha. Sikuwa nimepatwa na presha. Juu ya kabati la vyombo, kwenye ukuta wa sebule, palitundikwa picha niliyoshuhudia ikiungua miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Mwanamke amekaa kwenye stuli. Mikono imelala mapajani kama mizigo ya mtu mwingine aliyoombwa aishikilie. Gauni ni la njano, rangi imepakwa nzito hata ukitazama kwa ubavu unaona matuta ya brashi. Nyuma yake ni wekundu wa tofali. Na shingo ni ya kijani, imechanganyika na zambarau, imepakwa kwa kisu, kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa akigombana na kitambaa. Nilikaa kwenye mkeka pamoja na akina mama wengine. Walikuwa wakiimba. Mimi midomo ilikuwa ikienda tu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka bara na cheti cha kupiga taipu, simjui mtu Dar es Salaam isipokuwa Bwana Gervas. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, kule Kurasini, alikokuwa karani mkuu, na yeye ndiye aliyenitafutia chumba katika nyumba aliyopanga. Sanduku langu alilibeba begani mwenyewe kutoka barabarani. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na nyuma uani palikuwa na bomba, choo, majiko ya mkaa yamepangwa mstari, na kibanda cha bati alimolala Fidelis. Mwenye nyumba, Bi. Mwantumu, mwanamke wa Kilwa, alikaa chumba cha mbele. Hakuwa msemaji, ila alikuwa na macho ya kumfanya mtu aoshe sufuria mara mbili. Chumba cha kati kilikuwa cha Bwana Gervas na mkewe Paskalina, na kilichofuata kilikuwa changu. Kama mgeni angetaka kuonyeshwa mtu mwema katika nyumba ile, wote tungemwonyesha Bwana Gervas. Alilipia dawa za Bi. Mwantumu. Jumamosi alileta samaki wa kuwatosha wapangaji wote, akiwa ameshawaparua magamba mwenyewe kule soko la samaki la feri. Kanisani alikuwa wa sauti ya nne kwaya, na hata uani hakuwahi kupandisha sauti. Hilo nataka lieleweke. Katika mwaka mzima sikumsikia akipandisha sauti.

Paskalina alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye baraza la mbele, mguu kwenye pedeli, pini mdomoni, na alikuwa na namna ya kucheka bila kuzidondosha. Alikuwa na miaka kama thelathini, hana mtoto, sote tukimwita Dada Pasi. Alijulikana mtaani kwa magauni yake yenye kola ndefu, zilizosimama hadi chini ya taya, na vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa kilekile. Katika joto la Temeke hakuna aliyewahi kuvaa kitu kama kile, lakini yeye kilimpendeza, na haukupita muda wasichana wakaanza kuja na vitambaa vyao wakitaka kola ya Pasi. Na mimi nikaenda na changu, cha bluu.

"Wewe una shingo nzuri, Roda," aliniambia, akasimamisha pedeli. "Ya nini kuificha?"

"Si ndo fasheni, dada."

Akachukua futi akaizungusha shingoni mwangu taratibu, karibu bila kunigusa. "Haya. Joto likikushinda usije ukanilaumu."

Jioni tulipika pamoja uani, kila mmoja jiko lake, tukionjeshana. Dagaa wa nazi, mchicha, maharage ya Bi. Mwantumu yaliyokuwa na tangawizi. Sisi tulikula palepale kwenye vigoda. Bwana Gervas alikula chumbani, mezani, juu ya kitambaa cheupe kilichotariziwa, na Paskalina alisimama karibu yake hadi amalize, kisha ndipo akaja kula na sisi kilichobaki kimeshapoa. Tuliliona hilo kama heshima. Bi. Mwantumu peke yake aliwahi kusema, akigeuza muhogo kwenye makaa, "Mume wangu mie alikuwaga anakula na paka miguuni, na alishiba." Tukacheka, na Paskalina akacheka na sisi.

Kuta za vyumba vile hazikufika juu. Zilikoma kichwa kimoja juu ya mlango, na hapo katikati ya ukuta na bati palikuwa wazi, kwa ajili ya hewa. Ukikohoa chumba cha kwanza, cha tatu wanakupa pole. Nilimsikia Bwana Gervas akisoma Biblia Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakati nyumba nzima ilikuwa imelala kwa wali na joto. Alisoma vizuri. Kisha alifunga kitabu, akawa anazungumza kwa sauti ya chini, ya taratibu, kama mwalimu anayerudia somo kwa mwanafunzi mzito. Kisha kukawa na kishindo, kama gunia la unga limewekwa chini. Kisha sauti ile ile: "Umeelewa?" Kimya. "Nakuuliza, umeelewa?" Mara ya kwanza nilijiambia ni gunia kweli. Mara ya pili nilijiambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi na mgeni. Kuanzia mara ya tatu, kila Jumapili aliposhika kitabu, mimi nilishika ndoo nikaenda kufua. Nilikuwa na nguo safi kuliko msichana yeyote Temeke.

Picha aliiagiza Bwana Gervas mwenyewe. Alikuwa ameona nyumbani kwa mkubwa wake picha ya mke wa mkubwa, imechorwa kwa rangi ya mafuta na kuwekwa fremu, na yeye alikuwa akijenga Kimara nyumba yenye sebule pana. Fidelis wakati ule aliishi kwa kuandika mabango ya saluni na baa. Baba yake kule Newala alikuwa mchonga vinyago, na alimkasirikia kwa kuacha patasi akachukua brashi. Rangi za mirija alizinunua mjini moja moja, akazibania kama sukari; kitambaa cha merikani alikiwamba mwenyewe kwenye mbao za masanduku ya bandarini. Bwana Gervas alimwagiza mbele yetu sote, uani, akiwa amemshika mkewe bega.

"Mchore Pasi wangu. Amekaa, ametulia. Hivyohivyo alivyo."

Wakakubaliana iwe Jumamosi alasiri, Bwana Gervas akiwa kwenye ujenzi Kimara, na iwe uani, mbele ya watu wote, pasije pakawa na maneno. Jumamosi mbili za kwanza tulimzunguka Fidelis kama watazamaji wa mpira. Ya tatu tulichoka. Rangi ya mafuta haina haraka, leo anapaka, wiki ijayo anakwangua. Tukarudi kwenye ndoo na majiko yetu, tukawa tunapita mbele yao kama watu wanaopita mbele ya saa ya ukutani. Mwezi wa pili, nikiwa bombani nimewapa mgongo, nilimsikia Fidelis akisema, "Dada, legeza kola kidogo. Kivuli chake kinanisumbua."

"Ukiona, utapaka?" Paskalina aliuliza.

"Mie napaka ninachokiona."

"Usije ukaona halafu ukaniogopa."

"Sikuogopi."

Nilisikia moto usoni. Nilidhani ni mapenzi. Nilidhani nimekamata siri chafu ya mke wa mtu aliyenibebea sanduku langu, nikajaza ndoo yangu nikaondoka bila kugeuka, nikiwa nimejaa hasira kwa niaba ya Bwana Gervas. Kugeuka kungenichukua nukta moja. Nimelala usiku mwingi nikiihesabu nukta hiyo.

Picha ilifunuliwa Jumapili baada ya misa. Bwana Gervas alialika mzee wa kanisa, baba yake mdogo aliyekaa Kurasini, na wenzetu wawili wa ofisini. Paskalina alipika pilau ya kuku tangu alfajiri. Mimi nilivaa gauni langu la bluu. Viti vilipangwa ukumbini, picha imeegemezwa mwisho wa ukumbi penye mwanga wa uani, imefunikwa shuka. Tulipokuwa tukila, Bwana Gervas alisimama akafuta mikono, akasema maneno mazuri kuhusu mke mwema, akavuta shuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa kanisa alibaki na kidari cha kuku mkononi. Ilikuwa yeye hasa, Paskalina, mabega yake, namna yake ya kukaa, lakini kola ilikuwa wazi na shingo ilikuwa ya rangi zile. Mmoja wa wale wa ofisini alicheka kidogo kwa kuona haya.

"Fidelis," Bwana Gervas alisema kwa upole, "rangi ya ngozi ilikuishia? Mbona shingo ya kijani?"

"Ndivyo nilivyoiona," Fidelis alijibu. Alikuwa amesimama mlango wa uani, mikono nyuma. "Ilikuwa inanisumbua. Nikipaka, Jumamosi inayofuata nakuta imebadilika. Leo zambarau, wiki ijayo kijani, halafu njano, halafu zambarau tena. Nikawa nafuta, napaka upya."

Paskalina alikuwa amesimama na sinia la maembe. Aliliweka chini. Akaja katikati ya ukumbi, akavuta stuli, akakaa vilevile alivyokaa kwenye picha, akaanza kufungua vifungo vya kola. Vilikuwa vidogo, vigumu, na alivifungua kimoja kimoja bila haraka: vinne. Shingo yake ilikuwa ile ile. Kijani ile, zambarau ile, na chini ya sikio la kushoto, alama moja ya mviringo, ukubwa wa dole gumba. Nilitazama shingo, nikatazama picha, nikatazama shingo. Kisha nikagundua kwamba mkono wangu umeshika kola yangu mwenyewe. Wasichana kumi na zaidi mtaani kwetu walikuwa wamevaa kola ile kwenda kanisani, sokoni, kwenye harusi.

"Fungeni mlango wa mbele," alisema Bi. Mwantumu.

Kikao kilifanyika kesho yake jioni, ukumbi ule ule, mzee wa kanisa na baba mdogo kwenye viti, sisi kwenye mkeka. Bwana Gervas alieleza bila kutetereka. Alisema ameumia sana. Alisema yale si majeraha, ni rangi, rangi ile ile ya Fidelis, na kila mtu ajiulize rangi ya kijana asiyeoa imefikaje shingoni kwa mke wa mtu. Niliona baba mdogo anatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepata jibu alilolitafuta. Bi. Mwantumu alisema, "Nileteeni kitambaa na mafuta ya taa, nimfute hapa mbele yenu. Ikitoka ni rangi." Mzee wa kanisa akasema si adabu kumfunua mwanamke shingo mbele ya wanaume. Fidelis alisema tena alichokiona. Akaambiwa anyamaze, yeye ni mtuhumiwa. Ndipo baba mdogo akanigeukia.

"Wewe binti. Chumba chako kiko ubavuni mwao. Umewahi kusikia nini?"

Bwana Gervas alinitazama. Hakunitisha. Alinitazama kama alivyonitazama kila siku ofisini akisubiri barua nimalize kuipiga. Nilifikiria mashine yangu ya taipu, kiti changu, dirisha linalotazama makontena. Nilifikiria kurudi bara na sanduku lile lile.

"Sijawahi kusikia kitu, mzee," nilisema. Na kwa kuwa bado walinitazama, nikaongeza nisichoulizwa: "Jumapili huwaga nafua, halafu nalala."

Sikumtazama Paskalina. Nilitazama kucha zangu. Nilimsikia akivuta pumzi mara moja, ndefu, kama mtu anayetumbukiza miguu kwenye maji baridi, basi. Wakaamua mke abaki na mumewe na apewe mafundisho. Picha ichomwe kwa kuwa ni aibu ya nyumba. Na Fidelis ahame. Kesho yake tukaiona ikiungua uani, moshi mweusi, harufu ya mafuta ikaingia hadi kwenye mito. Fidelis aliisimamia mpaka ikawa majivu, akafunga mirija yake kwenye shuka, akaondoka bila kuniaga.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta baraza tupu. Cherehani haipo. Chumba cha kati kilikuwa wazi, kitambaa cheupe bado kiko mezani, kimekunjwa vizuri. Bi. Mwantumu alikuwa amekaa mlangoni pake akichagua choroko.

"Shikamoo, Bi. Mwantumu. Dada Pasi kaenda wapi?"

Hakuinua macho. "Wewe si hujawahi kusikia kitu?" alisema. "Basi na hili hujalisikia."

Baadaye majirani walisimulia kwamba mkokoteni ulikuja asubuhi, na kwamba mwenye nyumba mwenyewe aliusindikiza hadi kituo cha mabasi, akiwa ameshika pedeli ya cherehani isije ikagonga. Bwana Gervas alihamia Kimara kabla mwaka haujaisha. Mimi nilibaki ofisini kwake miaka miwili mingine. Nilimpigia barua zake. Alinisalimu kila asubuhi kwa upole ule ule, na hadi leo sijui kama kuna kitu kilichonitia hofu duniani kuliko upole ule.

Nilikuwa nikiwaza hayo kwenye mkeka wa Kinyerezi Hellena alipokuja kunipa chai. Nilimwuliza picha ile imetoka wapi, maana mimi niliiona ikichomwa. Akasema baba yake aliwasimulia mara moja tu. Siku ile aliwamba upya kitambaa kingine kwenye fremu iliyojulikana, akachoma hicho, amekilaza kifudifudi watu wasione. Kilikuwa na picha ya mama yake, bibi yao, aliyoichora Newala kabla mama huyo hajafa. "Hatuna sura ya bibi," Hellena alisema, akaenda na birika lake kwa wengine. Sikuweza kuinywa ile chai.

Alasiri aliingia mwanamke mzee, mnene, ameshikwa mkono na wajukuu wawili. Alivaa kitenge cha shingo pana, na shingo yake ilikuwa ya makunyanzi na jasho, kama shingo zetu sote. Alisimama mbele ya picha kidogo, akasema, "Fideli, jamani," kisha wakamkalisha kwenye mkeka, karibu yangu.

"Shikamoo, Dada Pasi."

"Marahaba." Alinichunguza. "Mie macho yamechoka. Nani?"

"Roda. Tulikaa wote Temeke, kwa Bi. Mwantumu."

"Roda wa taipu." Alinishika mkono, akafurahi kweli, na furaha ile iliniumiza kuliko kama angenitemea mate. Akanisimulia kwamba aliishia Songea kwa kaka yake, babu wa wale wajukuu, kwamba Gervas aliandika barua, na kaka akaiamini barua. Rangi ya mchoraji. Mpaka kaka anaingia kaburini aliamini dada yake alijipaka rangi. "Siku ile ya kikao," alisema, "alinisemea Fideli peke yake, na Bi. Mwantumu, Mungu amrehemu. Wengine hata siwakumbuki."

"Dada Pasi. Siku ile mimi niliulizwa."

Alikunja uso, akitafuta. "Kwani na wewe ulikuwepo?"

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiona nimesimama katikati ya maisha ya mwanamke huyu kama mwiba, na kumbe hakuwa na mimi kabisa kichwani mwake. Hakuwa na chuki ya kunisamehe. Ningeweza kusema hapana, sikuwepo, nikamwulizia wajukuu. Ingekuwa mara ya pili.

"Nilikuwepo," nilisema. "Nilikaa karibu na mlango wa uani. Baba mdogo akaniuliza kama nimewahi kusikia kitu, nikasema sijasikia. Nilikuwa nasikia. Kila Jumapili nilikuwa nasikia."

Aliuachia mkono wangu. Mjukuu mmoja alimwinamia akamwuliza kama anataka maji, yeye akamsukuma pembeni taratibu.

"Ulikuwa unasikia nini?" aliuliza.

"Nilimsikia anasoma. Halafu anafunga kitabu. Halafu anaongea taratibu. Halafu kishindo, kama gunia limeangushwa. Halafu anakuuliza umeelewa."

"Hilo la umeelewa ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Alikuwa anauliza mara ngapi?"

"Mara mbili. Ya kwanza hukuwa unajibu."

Alifumba macho. Nilisubiri anifukuze, na ningeondoka, hata viatu ningeviacha mlangoni. Alipofumbua macho hakunitazama mimi. Aliwatazama wale wajukuu, kisha akina mama waliokuwa wakisikiliza karibu yetu, kisha Hellena aliyesimama na birika.

"Nimeishi na watu wananiambia ilikuwa rangi," alisema. "Hawa watoto nao wamekua wanasikia bibi yao alijipaka rangi. Roda, simama. Yaseme hayo tena, kwa sauti, wote wasikie."

Magoti yangu hayasimami haraka siku hizi. Mjukuu wake mkubwa alinishika kiwiko. Nilisimama, nikaanza na Jumapili ya kwanza.